Saranda: Kuku Wangapi Wachinjwe Leo?

Ndugu msomaji, ikiwa umepata kusafiri kwa Reli ya Kati kwenda Tabora, Kigoma au Mwanza, jina la Saranda si geni masikioni mwako. Huenda huikumbuki sura ya stesheni yenyewe, maana hapana mengi ya kukumbuka: jengo, kivuli cha mti, njia za reli zinazopishana, na vumbi. Lakini harufu yake huisahau. Garimoshi halijasimama sawasawa, harufu ya kuku wa kukaanga imekwisha kuingia madirishani, na chini ya kila dirisha pana beseni lililoinuliwa kichwani. "Kuku, baba! Kuku wa moto! Mama, wali kuku huu hapa!" Abiria aliyekuwa akisinzia tangu Dodoma huzinduka na kuanza kupapasa mfuko.

Nimepita hapo mara kadhaa nikiwa ndani ya behewa, wala sikupata hata siku moja kujiuliza ni nani aliyeamua idadi ya kuku wale. Safari moja beseni lilikuwa tupu kabla halijafika dirishani kwetu, nami nikamlaumu muuzaji kwa uvivu. Safari nyingine nilimwona mama akikimbia sambamba na behewa linaloondoka, vipande saba au vinane vingali mkononi, akipunguza bei kila hatua, nasi tuliokuwa ndani tukacheka. Kicheko kile kilinirudia miaka mingi baadaye, na mwezi wa Agosti 2023 nikafunga safari kwenda kusimama upande wa pili wa dirisha.

Saranda imo katika Wilaya ya Manyoni, Mkoa wa Singida, chini ya ukingo wa magharibi wa Bonde la Ufa. Anayetoka Dodoma hupita Bahi penye mashamba ya mpunga, akapita Kintinku, na nchi yote hiyo ni tambarare, kavu, yenye mibuyu na vichaka vya miiba. Kisha mbele yake husimama ukuta wa ardhi, na reli huanza kupanda kuelekea Manyoni. Juu ya ukingo huo iko Kilimatinde, ambako Wajerumani walikuwa na boma lao kabla reli haijafika. Reli yenyewe ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Tangu hapo askari, manamba waliokuwa wakienda kwenye mashamba ya mkonge, wanafunzi wa shule za Tabora na wachuuzi wa Ujiji, wote wamepita hapa. Kwa miaka mingi garimoshi lililoondoka Dar es Salaam jioni lilifika Dodoma asubuhi, na Saranda wakati njaa ya mchana imekwisha kubisha hodi. Hiyo ndiyo siri ya kwanza ya kuku wa Saranda.

Siri ya pili ni nchi yenyewe. Huku mvua hunyesha msimu mmoja tu kwa mwaka, na mara nyingine haba. Mtama na uwele hustahimili, mahindi hukata tamaa mapema. Kuku wa kienyeji, ambaye hujitafutia mwenyewe wadudu na punje uani, ndiye akiba ya nyumba nyingi. Na sifa ya kuku wa Singida imekwisha kufika hata masoko ya Dar es Salaam. Kwa hiyo njaa ya abiria na kuku wa mwenyeji vilikutana penye reli, biashara ikazaliwa.

Nilishuka basi barabara kuu, nikamalizia safari kwa pikipiki, nikapokewa na mama mmoja ambaye ameuza kuku stesheni tangu alipokuwa msichana wa kubeba maji ya kunywa. Aliniruhusu kuandika yote niliyoyaona, isipokuwa jina lake. "Wanaonidai nao husoma magazeti," alisema.

Jioni ile tulikaa jikoni kwake, nje, penye mafiga. Pembeni palikuwa na matenga mawili yenye kuku hai, na jogoo mmoja mwekundu aliyefungwa mguu kwa kamba ya katani. Garimoshi lilitazamiwa kesho yake. Nikauliza swali nililodhani ni jepesi.

"Mama, kesho utachinja wangapi?"

Akacheka mpaka akafuta macho kwa upindo wa khanga. "Mwanangu, mwenye kulijua hilo leo usiku, huyo ndiye tajiri wa Saranda."

Ni kweli. Hakuna abiria aliyeagiza chochote. Hakuna ajuaye watakaokuja ni wangapi, wala wangapi kati yao wana njaa, wala wangapi kati ya wenye njaa wana fedha. Hata garimoshi lenyewe si hakika. Kati ya Kilosa na Gulwe reli hufuata bonde la mto, na mvua zikizidi maji huzoa tuta. Mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaliharibu sehemu hiyo vibaya, hata safari za abiria kutoka Dar es Salaam zikakatika, na kwa muda treni ya bara ikawa inaanzia Dodoma. Wakati wa mvua za El Niño za 1997 na 1998 mambo yalikuwa vivyo hivyo. Mama aliyechinja asubuhi hapa Saranda huweza kuharibikiwa na mvua ambayo hakuona hata wingu lake.

Lakini kutojua si kukaa gizani kabisa. Mwenyeji wangu alinihesabia dalili zake, na nilishangaa kuona ni nyingi kuliko nilivyodhani. Mwisho wa mwezi mishahara imetoka, abiria hununua paja zima. Katikati ya mwezi hununua bawa na kuomba mchuzi wa bure. Shule zikifungwa na zikifunguliwa mabehewa hujaa, lakini wanafunzi hawahesabiwi kwa wingi wao, kwa sababu nauli imekula kila kitu na chakula chao kimefungwa na mama zao nyumbani. Wiki ya kuelekea Krismasi ni neema. Mwezi wa Ramadhani treni ikipita mchana, punguza. Ikichelewa hadi magharibi, utalia kwa kupunguza. Treni iliyochelewa kidogo huleta njaa. Iliyochelewa mno huleta watu waliokwisha kula Dodoma, au waliolala na kufunga madirisha kwa baridi ya usiku. Daraja la tatu hununua kwa wingi. Wa daraja la kwanza na la pili wana behewa la chakula, "ila wapo wanaoshuka kwa siri," aliongeza.

Zamani habari hizi zilipatikana kwa kumtuma mtoto akazurure karibu na ofisi ya mkuu wa stesheni, asikie simu ya reli ikisema nini kutoka Kintinku. Leo kuna simu ya mkononi. Mama huyu ana mpwa wake anayeuza karanga Dodoma, na kazi ya mpwa huyo, kwa malipo ya kuku mmoja kila baada ya muda, ni kuhesabu mabehewa na kutazama watu wamesimama au wamekaa.

Sasa nikuombe, ndugu msomaji, unisikilize kwa makini, maana hapa ndipo nilipojifunza jambo. Mimi nilidhani hekima ya mfanyabiashara ni kubashiri vizuri: kwamba akijua treni za nyuma zilinunua kuku wangapi kwa wastani, basi achinje idadi hiyo, na akikosea ni bahati mbaya. Mama huyu hatafuti wastani. Yeye huuliza swali jingine kabisa: nikikosea, kosa lipi litaniuma zaidi?

Maana makosa ni mawili na hayafanani. Ukichinja wachache, unakosa faida ya kuku ambaye angeuzwa. Lakini kuku huyo yungali hai tengani, hajapotea. Ukichinja wengi, umebakiwa na nyama katika nchi ya joto, wengi hapa hawana jokofu, na treni nyingine haiji kesho. Nyama hiyo itauzwa kwa bei ya kutupa kwa majirani na mafundi, au italiwa nyumbani. Na hapo nilisikia neno ambalo sijalisahau. Nilimwuliza wajukuu wake huonaje siku treni isipokuja.

"Hao?" alisema, akawatazama walivyojikunyata penye moto. "Hao husali isije. Siku mimi ninalia, wao wanakula kuku."

Tuchukue mfano wa tarakimu nyepesi, ambazo ni zangu wala si bei za Saranda. Tuseme kuku mmoja, pamoja na mafuta na kuni, amegharimu shilingi 12,000, na vipande vyake vyote dirishani huleta shilingi 18,000. Faida ni 6,000. Akibaki, majirani watamnunua kwa 9,000, yaani hasara ya 3,000. Kisha tuseme treni kumi zilizopita zilitaka kuku 4, 5, 6, 6, 7, 8, 10, 11, 12 na 13. Wastani wake ni nane na kitu. Je, achinje wanane? Nilikaa na penseli usiku ule chini ya taa, nikapiga hesabu ya treni zote kumi. Akichinja wanane kila mara, faida yake yote ni shilingi 372,000. Akichinja kumi, ni 384,000. Akiwa na tamaa ya kutomkosa mteja hata mmoja akachinja 13, inashuka hadi 348,000. Kumi ndiyo bora, ingawa mara sita katika kumi atabakiwa na kitu mkononi na watu watamwona amekosea.

Sababu yake ni hii: kumkosa mnunuzi kunamgharimu mara mbili ya kubakiwa. Basi yafaa achinje idadi itakayotosha takriban mara mbili katika kila treni tatu, asijali kwamba mara moja atapungukiwa. Ninyi wenye maduka, jaribuni hesabu hii kwa mikate au kwa maziwa.

Sasa geuza jambo moja tu. Muuzaji awe kijana asiye na majirani wa kumnunulia wala watoto wa kula, na kuku aliyebaki kwake ni hasara tupu ya shilingi 12,000. Treni ni zile zile kumi, abiria ni wale wale. Kwake yeye idadi iliyo bora si kumi, ni sita. Akithubutu kuchinja wanane faida yake inapungua kutoka 306,000 hadi 264,000. Wawili wamesimama chini ya dirisha moja, mmoja ana kumi na mwenziwe ana sita, na wote wawili wana akili timamu.

Nisije nikaonekana nimevumbua mimi. Fumbo hili lina wazee wake. Mwaka 1888 mtaalamu wa uchumi wa Uingereza, Francis Edgeworth, alijiuliza benki iweke fedha taslimu kiasi gani mkononi, ilhali haijui wateja wangapi watakuja kutoa. Fedha iliyolala haizai, na iliyopungua huleta aibu mlangoni. Mwaka 1951 Kenneth Arrow, Theodore Harris na Jacob Marschak, wakiwa Marekani, waliandika kwa hisabati juu ya kiasi cha bidhaa kinachofaa kuwekwa ghalani, na Arrow baadaye, mwaka 1972, alipata Tuzo ya Nobel kwa kazi zake nyingine za uchumi. Wataalamu wamelipa fumbo hili jina la muuza magazeti, na sisi wa kazi hii hatuhitaji kuelezwa kwa nini. Gazeti la Jumapili likifika Jumatatu limekwisha kuwa karatasi ya kufungia maandazi. Kijana anayelichukua alfajiri pale kituo cha basi hujiuliza swali lile lile la Saranda, ila yeye bidhaa yake huchinjwa yote usiku, mtambo ukianza kunguruma, naye hana la kungoja.

Mama wa Saranda analo la kungoja, na humo ndimo ustadi wake ulimo. Kuku hai si hasara. Kuku aliyechinjwa ndiye aliyeingia hatarini. Kwa hiyo yeye huchelewesha kisu. Kuku wa kienyeji ni mgumu, sharti achemshwe kwanza ndipo akaangwe, na kutoka Dodoma hadi Saranda garimoshi huchukua saa za kutosha kwa maji kuchemka na nyama kulainika. Basi huchinja wachache kwa habari ya kwanza kwamba treni imepita Kilosa salama, akangoja simu ya mpwa wake ndipo aongeze. Kila saa anayongoja, ujinga wake unapungua.

Lakini kungoja nako kuna mpaka. Mchinjaji ni mzee mmoja Mwislamu wa jirani, maana abiria ni wa dini zote na kila mtu anataka kula bila wasiwasi. Mzee huyo kiangazi hufyatua matofali, na akishatia mikono matopeni si rahisi kumwita mara tatu. Isitoshe, kuku hai nao hawakai bure. Kicheche yupo, mwizi yupo, na yupo kideri, ugonjwa unaoweza kufagia banda zima kwa siku chache, hasa nyakati za kiangazi. Kuna chanjo ya tone moja la jichoni, hurudiwa kila miezi mitatu, naye huitoa bila kukosa tangu mwaka alipolala na kuku 22 akaamka na watatu. Aliyewaweka wengi akidhani ameweka akiba, huenda ameweka maombolezo.

Kabla ya kulala alinionyesha daftari. Ni daftari la shule, linaandikwa na mjukuu wake wa darasa la sita: tarehe, saa ya treni, mabehewa, waliochinjwa, waliobaki. Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari, kwa hiyo hilo halikunishangaza. Kilichonishangaza ni safu ya mwisho, yenye vijistari vidogo vya penseli. Nikauliza ni nini.

"Hao ni walioita nikiwa sina kitu," alijibu. "Beseni likiisha nampa yeye kazi ya kuhesabu mikono dirishani. Ukiandika ulichouza tu, daftari linakudanganya. Litasema watu walitaka kuku saba, kumbe wewe ndiwe uliyekuwa na saba."

Nimepata kukaa katika semina za uchumi zenye chai na maandazi ambamo jambo hilo halikusemwa kwa uwazi kiasi hicho.

Kulikuwako pia kijana mmoja, nyumba ya tatu, ambaye habari zake nilisimuliwa na yeye mwenyewe. Miaka michache nyuma, wiki ya Krismasi, alikopa fedha akanunua kuku thelathini, akaajiri wasaidizi wawili, akachinja wote alfajiri ili awatangulie wenziwe. Kabla ya adhuhuri ikaja habari kwamba njia imekatika kwa maji, treni haiji. Aliuza kijiji kizima kwa bei ya mboga, na bado akabakiwa. Deni lile alilipa kwa mwaka mzima, na mdogo wake aliyekuwa aingie shule ya bweni alisubiri mwaka mwingine. Nilimwuliza kama alikosea kubashiri. "Kubashiri sikukosea," alisema. "Krismasi watu ni wengi kweli. Nilikosea kuwachinja wote kwa mkupuo na fedha ya mtu." Tangu hapo huchinja watano, hazidishi, hata mkuu wa stesheni mwenyewe aje kumwapia.

Siku ya pili garimoshi lilitazamiwa adhuhuri. Saa mbili asubuhi ikaja habari kwamba limechelewa njiani. Mama akachinjisha wanne, akatia sufuria motoni, akakaa. Saa sita haikusikika simu. Saa saba mzee wa matofali alipita akauliza kama bado anahitajika, naye akamwomba asiende mbali. Nilimtazama uso. Ndugu msomaji, nimeona watu wakingoja matokeo ya mtihani, na sikuona tofauti. Karibu na saa nane simu ikalia: treni imeingia Dodoma, watu wamesimama hadi mlangoni, wengi wana mizigo ya safari ndefu.

"Wangapi?" niliuliza.

Alitazama tenga, akatazama jua, akatazama wajukuu. "Watano tena." Jumla tisa. Hakueleza, wala mimi sikumwuliza.

Kivumbi cha garimoshi kilionekana jua likiwa limeinama. Walikuwapo wauzaji yapata ishirini: wa mayai ya kuchemsha, wa maji, wa mihogo, wa karanga, na wa kuku. Wenye mayai ndio waliotulia kuliko wote, maana yai lililobaki leo bado ni chakula kesho. Nao waliobeba wali walikuwa na haraka kuliko wenye nyama. Kisha mabehewa yakasimama, na yaliyofuata siwezi kuyaeleza kwa mpangilio. Fedha ilishuka, kuku akapanda. Chenji ilirushwa ikadakwa. Mtu wa dirisha la nne alitaka firigisi tupu, akapewa. Kijana wa watano alimaliza kwa muda wa kuvuta sigara moja, akabaki amesimama na beseni tupu huku mikono ikimwita kutoka madirisha matatu. Nilitazamia kuona uchungu usoni mwake. Alikuwa anakunja noti zake polepole, akitabasamu.

Mama aliuza wanane bila taabu. Wa tisa alikwama. Honi ikalia vipande vinne vikiwa bado vipo, naye akakimbia, akapunguza bei, akauza viwili. Nilikimbia pamoja naye nimebeba kapu, na kutoka ndani ya behewa nilisikia watu wakicheka. Papo hapo bwana mmoja mwenye kofia akachungulia, akaonyesha kwa kidole lile jogoo jekundu alilokuwa amekuja nalo mjukuu, akauliza bei ya kulipeleka hai Tabora kwa mkwewe. Jogoo likapita dirishani likipiga kelele, fedha ikaanguka vumbini, na garimoshi likaanza kuukabili ukingo wa Bonde la Ufa.

Usiku ule vipande viwili vilivyobaki viligawanywa kwa wajukuu wanne, na mimi nilipewa shingo kwa heshima ya mgeni mkimbiaji. Mjukuu wa darasa la sita akaandika: tisa, robo imebaki. Safu ya vijistari ikaachwa tupu.

Mwezi wa Julai 2024 treni ya umeme ya reli mpya ilianza kuchukua abiria kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, safari iliyokuwa ya usiku kucha ikawa ya saa chache. Nimeipanda, nami ni miongoni mwa walioisifu. Abiria wa mbali wapo wanaoshukia Dodoma na kuendelea kwa basi la barabara ya lami, wala hawaioni Saranda. Kwa mama yule jambo hili si la kusifu wala kulaumu. Ni dalili mpya isiyokuwamo daftarini. Treni kumi za nyuma zilikuwa zinamsaidia kuijua ya kumi na moja kwa sababu zote zilikuwa za namna moja. Sasa hajui kama anahesabu jambo lile lile.

Alinipigia simu baada ya kusikia habari hizo redioni. Baada ya salamu za nyumbani na za mifugo, aliuliza polepole.

"Hiyo ya umeme, mwanangu, madirisha yake hufunguliwa?"

"Hayafunguliwi, mama."

Akanyamaza kidogo. Nilisikia kuku wakilia nyuma yake, na mtoto akikemewa aondoke jikoni. Kisha akaniuliza kama kutoka huko niliko naweza kumjulia ile treni ya zamani, itakayopita kwao safari ijayo, imefungwa mabehewa mangapi.